Mpango, ramani, mkakati au ratiba? Namna ya kuchagua unapokutana na neno "plan"

Mwaka jana nililetewa tafsiri ya kijitabu cha kurasa 12 niihariri. Kilikuwa cha kampuni inayouza nyumba. Mtafsiri alikuwa kijana hodari na Kiswahili chake kimenyooka, ila kila alipokuta "plan" kwenye Kiingereza aliandika "mpango". "Payment plan" ikawa mpango wa malipo, sawa, inapita. "Master plan" ikawa mpango mkuu. Nikakuna kichwa, nikaendelea. Kufika ukurasa wa saba, chini ya mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu, nikakuta maneno ya herufi nzito: MPANGO WA SAKAFU. Nilicheka peke yangu hadi mwenzangu wa meza ya pili akaja kuchungulia. Naye akasoma, akauliza, "Hiyo sakafu inapangiwa nini?"

Kijana simlaumu sana. Kamusi nyingi ukifungua "plan" jibu la kwanza ni mpango, na mtu mwenye haraka haendi jibu la pili. Lakini Waingereza wamelitwika neno hili moja mizigo ambayo sisi tumeigawa kwa watu wanne watano. Kwa hiyo anayetafsiri, au anayeandika ripoti huku Kiingereza kikimzungukia kichwani, inabidi kila mara ajue ni mzigo upi ulio mbele yake.

Mpango na ramani

Kiingereza kilipata neno hilo kutoka Kifaransa katika karne ya 17, na wakati huo lilikuwa mchoro: jengo likitazamwa kutoka juu, kuta zake zimelazwa kwenye karatasi. Nyuma yake kuna neno la Kilatini planus, yaani bapa, tambarare. Ukoo wake ni mkubwa. "Plain" ni ndugu, "explain" ni ndugu (kulisawazisha jambo lililojikunja), na hata piano imo, kwa sababu Waitaliano walilichukua planus wakalilainisha mpaka likawa neno la sauti ya chini. Maana ya "jambo ninalokusudia kulifanya" ilikuja baadaye. Mchoro ndio mzee.

Kwetu ni kinyume. Mpango umetokana na kupanga, na kupanga ni kitenzi cha mikono. Nenda sokoni alfajiri umwone mama anayeuza nyanya. Anamwaga ndoo juu ya gunia, anatenga zilizobonyea, kisha anaanza: tatu chini, moja juu, fungu la kwanza, tatu chini, moja juu, fungu la pili. Zile nzuri zinatazama mteja. Ukimuuliza mtoto wake mama anafanya nini, atakwambia anapanga nyanya. Hakuna karatasi hapo wala kalamu. Tunapanga viti, tunapanga foleni, tunapanga vyombo kabatini, na ndipo tukaanza kupanga safari na kupanga maisha.

Kwa hiyo pale Kiingereza kinapobaki na maana yake ya zamani, ya mchoro, mpango haufai kabisa. Neno ni ramani. Nenda kwenye ujenzi wowote, fundi hatakuuliza mpango wa nyumba, atakuuliza, "Bosi, ramani iko wapi?" Na ukimwambia iko kwenye simu ataguna, maana anataka ile ya karatasi aibandike ukutani kwa misumari miwili. "House plan" ni ramani ya nyumba. "Floor plan" ni ramani ya ndani, au ukitaka, mchoro wa vyumba. Ukienda halmashauri kuomba kibali cha ujenzi unapeleka ramani.

Nalipenda sana neno ramani kwa jambo moja. Limetufikia kwa njia ya bahari: kwa Kiajemi rahnama ni kitu kinachoonyesha njia, na mabaharia wa Bahari ya Hindi waliliita hivyo daftari la nahodha, lenye bandari, miamba na uelekeo wa nyota. Kwa hiyo Kiingereza kilianza na mchoro wa nyumba kikaishia kwenye nia. Kiswahili kilianza na daftari la jahazi kikaishia kwenye mchoro wa nyumba.

Mahali pa kuwa makini ni mambo ya ardhi, kwa sababu hapo mpango na mchoro hukaa meza moja. "Town planning" ni mipango miji. Ile karatasi yenyewe inayoonyesha viwanja, barabara na eneo la shule ni mchoro wa mipango miji. Na "master plan" ya jiji, ile niliyoipita nikikuna kichwa, ina jina lake la siku nyingi Tanzania: mpango kabambe. Mtu wa ardhi akisikia mpango mkuu atakuelewa, lakini atajua umetoka nje ya fani.

Kidogo kuhusu mpangaji. Kwa kuwa kupanga ni pia kukaa nyumba ya watu kwa kodi, neno mpangaji limeshakaliwa. Rafiki yangu aliajiriwa kama "Senior Planner", akachapisha kadi za kugawa zenye Kiswahili upande wa pili: Mpangaji Mwandamizi. Akampa mama mkwe wake moja kwa fahari. Mama akaisoma polepole, akamtazama kwa huruma, akasema, "Baba, bado tu hujajenga?" Cheo hicho kinaitwa Afisa Mipango, na kama ni mwandamizi, Afisa Mipango Mwandamizi. Kwa sherehe tumia mratibu. Mpangaji mwache na mwenye nyumba wake.

Mpango na mkakati

Hapa ndipo ofisi zetu zinapoteleza zaidi, na serikali yenyewe haijawahi kushika mtindo mmoja. Ile MKUKUTA ya mwaka 2005 ilikuwa Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, na Zanzibar wakawa na MKUZA yao, nayo mkakati. Lakini MKURABITA, ya kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ni Mpango. MMEM ya shule za msingi ni Mpango. Kwa Kiingereza MMEM iliitwa "plan", MKURABITA "programme", na zote mbili kwa Kiswahili zikawa kitu kimoja. Sioni ubaya. "Programme" ya serikali kweli ni mpango. Programu tuiachie kompyuta na redio.

Tofauti ninayoitumia mezani kwangu ni rahisi. Mpango unajibu "tutafanya nini, kwa fedha gani, nani atafanya". Mkakati una kikwazo mbele yake: umaskini, ugonjwa, mpinzani, soko lililojaa. Ukiona neno "strategy" au "plan" jiulize kama mwandishi anamkabili mtu au kitu. Kama hakuna cha kukabili, andika mpango. Kununua madawati 200 ni mpango. Kuzuia utoro shuleni ni mkakati, na kuita wazazi kila Ijumaa ni mbinu iliyomo ndani ya mkakati huo. Makocha wa mpira wanalijua hili kuliko maofisa: hakuna kocha wa Kiswahili anayesema ana mpango wa mchezo akimaanisha "game plan", anasema ana mbinu zake, na hazitaji mbele ya waandishi.

Maofisa wamepata njia ya tatu, mpango mkakati, kwa "strategic plan". Linasikika kama mtu aliyevaa suti mbili, lakini limeshakubalika na silipigi vita. Ninachokipiga vita ni ile sentensi ya kila hotuba, "tumejipanga na tumeweka mikakati kabambe". Mwandishi wa habari akiileta hivyo, mhariri mzuri humrudisha akaulize mkakati upi.

Mpango, kwa upande wake, una heshima ya historia. Mei 1969, akiwasilisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alitoa hotuba iliyobeba kauli ambayo hadi leo inatajwa kwenye semina: kupanga ni kuchagua. Jaribu kuiweka mkakati hapo uone inavyopooza. Kauli ile inafanya kazi kwa sababu kupanga bado kuna yule mama wa nyanya ndani yake: ukiweka hii juu, nyingine inakwenda chini. Tume ya Mipango ilirithi neno hilohilo, na kwa mzaha wa lugha, mmoja wa waliopata kuwa Katibu Mtendaji wake ni Dk. Philip Mpango, ambaye baadaye akawa Waziri wa Fedha na Mipango, kisha Makamu wa Rais.

Juu ya mipango yote kuna kile Waingereza wanachoita "vision". Tanzania ikachagua dira, chombo cha baharia cha kujua kaskazini: Dira ya 2025, sasa Dira ya 2050. Kenya ikachagua ruwaza, yaani kielelezo: Ruwaza ya 2030. Ukimwandikia msomaji wa Nairobi tumia ruwaza, wa Dodoma tumia dira. Mimi moyo wangu uko kwenye dira, labda kwa sababu ramani nayo ilikuwa ya nahodha.

Mpango na ratiba

Twende kwenye kikao cha harusi, maana hapo maneno yote hukutana kwenye daftari moja la mistari. Jumapili jioni, uwani kwa mjomba, viti vya plastiki, soda zimeanza kupoa nguvu. Katibu anasoma ajenda: kufungua kikao, taarifa ya mweka hazina, ukumbi, mengineyo. Mtu anauliza, "Mpango wa usafiri ukoje?" Anataka kujua basi limepatikana au la, na nani analipia. Shangazi anauliza, "Ratiba ikoje?" Huyo anataka saa: kanisani saa ngapi, picha saa ngapi, ukumbini saa ngapi, na MC atamaliza kabla ya mwenye ukumbi kuzima taa? Hakuna aliyewafundisha tofauti. Mjomba akijibu swali la shangazi kwa kusema "basi lipo", atakatizwa hapo hapo.

Kwa hiyo saa na tarehe zikiwa ndizo roho ya jambo, andika ratiba, hata kama Kiingereza kimesema "plan". "Travel plan" yenye siku na saa ni ratiba ya safari. "Meal plan" iliyobandikwa kwenye jokofu, Jumatatu wali maharage, Jumanne ugali dagaa, ni ratiba ya chakula. Hata shule za bweni huita hivyo. "Work plan" ni mpango kazi, kwa kuwa ina shughuli, gharama na wahusika, ingawa safu moja ndani yake ni ya tarehe.

Ratiba ni ya Kiarabu, kutoka shina la kupanga mambo yakakaa mahali pake, na imekuja na familia nzima: kuratibu, mratibu, utaratibu, na taratibu. Pwani watu husoma pia ratibu, nyiradi za pamoja baada ya sala, mashuhuri ikiwa ile ya Imam Haddad wa Hadhramaut. Jambo lenye mpangilio wake usiobadilika, siku hii na saa hii. Ukilifikiria neno kwa njia hiyo, unaelewa kwa nini watu hukasirika ratiba ya ligi ikibadilishwa na mechi zikawa viporo, lakini mpango ukibadilika wanasema tu "mambo ndiyo hayo".

Jirani wa hapa ni "schedule", nalo lina mtego wake. Lilianza kama kipande kidogo cha karatasi, schedula ya Kilatini. Wanasheria wa Uingereza wakawa wanaambatisha vipande hivyo nyuma ya hati, na maana ya saa za kuondoka na kufika ikaja baadaye sana, kwenye reli za Marekani. Ndiyo maana sheria zina "First Schedule" isiyokuwa na saa hata moja. Niliwahi kuona imetafsiriwa "Ratiba ya Kwanza" katika mkataba wa kupangisha ghala, na chini yake kuna orodha ya rafu na feni. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inaiita Nyongeza: Nyongeza ya Kwanza ndiyo yenye Mambo ya Muungano 22. Sheria nyingine husema Jedwali, na waziri wa fedha akisoma hotuba ya bajeti utamsikia akigusa jedwali hili na lile la sheria ya kodi. Kwa mkataba wa kawaida wa mtu na mtu mimi huandika nyongeza au kiambatisho. Ratiba kamwe.

Ninapanga au ninakusudia

Kitenzi kina shida ndogo kuliko jina lakini inajirudia kila siku. "I plan to visit my mother in December." Vijana huandika "ninapanga kumtembelea mama Desemba". Si kosa la kumfungia mtu mlango. Ila lugha ina vitenzi vinavyopima uzito wa nia, na Kiingereza hapo hakipimi. Nataraji kwenda: nikijaaliwa, mambo yakiruhusu. Nakusudia kwenda: nimeamua. Nimeazimia kwenda: nimeamua na usinizuie. Nina nia ya kwenda: ipo moyoni, nauli bado. Nikisema napanga kwenda, natarajia umeshaniona nikihesabu siku za likizo na kuuliza bei ya basi. Mama mwenyewe akisikia "napanga" atauliza, "Umeshakata tiketi?"

Azma na azimio ni damu moja, na azimio lina kiti chake. Lile la Arusha la 1967 kwa Kiingereza ni "declaration". Lakini mwalimu wa shule ya msingi analijua kwa sura nyingine: azimio la kazi, lenye mada za muhula mzima, na andalio la somo, la kipindi kimoja. "Lesson plan" ni andalio la somo. Ukimwandikia mwalimu "mpango wa somo" ataelewa, kisha atajua hujawahi kushika chaki.

Mahali ambapo "plan" haimo kabisa

Kuna mambo ambayo mtaa ulishayapa majina kabla mtafsiri hajaamka. "Data plan" ni bando, au kifurushi ukitaka kuandika kwa staha. "Health plan" ya bima pia ni kifurushi. "Family planning" kwa Tanzania ni uzazi wa mpango, na Kenya utasikia zaidi upangaji uzazi. Ukiandikia zahanati, angalia bango lao la ukutani uandike kama wao. "Plan B" ni mpango mbadala kwenye ripoti. "Project" ni mradi, jambo la kutakwa, na usilichanganye na mpango: mradi una mwanzo, mwisho na kibao barabarani.

Upande mwingine, mtaa umelichukua mpango ukalipeleka kusiko na maofisa. "Nifanyie mpango" ni ombi la pesa au la upenyo. Mpango wa kando sina haja ya kuueleza. Vijana wa Nairobi hata hawalitumii; wao huulizana "form ni gani?", na Goma utasikia mupango. Kwa hiyo ukiandika tangazo la benki, "tuna mpango na wewe" si sentensi ya kumwambia mke wa mtu.

Nirudi kwenye kile kijitabu. Ramani ya ndani iliingia ukurasa wa saba, mpango kabambe ukaingia wa pili. Mpango wa malipo niliufuta nikaandika "utalipa kwa awamu nne", maana mnunuzi hilo ndilo analotaka kujua. Penye "construction is going according to plan" kijana alikuwa ameandika "ujenzi unakwenda kulingana na mpango". Nikaweka "ujenzi unakwenda kama ilivyopangwa", jina likarudi kuwa kitenzi na sentensi ikapumua. Ikabaki kauli ya jalada la nyuma: "We have a plan for everyone." Yeye aliandika "Tuna mpango kwa kila mtu", na ukiisoma usiku inatisha kidogo. Nilikaa nayo kama nusu saa, chai ikapoa. Mwisho nikaandika "Kila mfuko na nyumba yake". Wakaipitisha bila neno, ila waliomba rangi ya jalada ibadilishwe.